Sauti ya Pili Kutoka Jikoni

Hotuba ya mjukuu wake katika sherehe ya jubilei ya kwaya yetu

 

Nimepewa dakika kumi na tano. Katibu wa kwaya amenionyesha saa yake mara mbili kabla sijasimama hapa, na simlaumu, kwa maana mimi naimba sauti ya kwanza na sisi wa sauti ya kwanza kunyamaza hatukufundishwa. Lakini leo sikuja kusema habari za sauti ya kwanza. Nimeombwa nimkumbuke nyanya yangu, aliyeimba sauti ya pili katika kwaya hii tangu ilipokuwa na watu kumi na wanane hadi kifua kilipomkatalia. Wengi hapa hamkumjua kwa jina. Mlimjua kama Mama Jikoni, kwa sababu ndiye aliyekupikia ukiwa darasa la kwanza, na kama hukupikiwa wewe alipikiwa baba yako.

Nyanya hakujua alizaliwa lini. Kitambulisho chake kiliandikwa 1943, lakini yeye alisema karani ndiye aliyemtazama usoni akakisia. Babu alikuwa mkata mkonge. Alipofariki, nyanya alibaki na watoto watano na shamba dogo la udongo mwekundu ambalo ndovu wa Tsavo walilivuna kabla yake mwaka baada ya mwaka. Mwaka wa 1979 serikali ilipotangaza kampeni ya kufuta ujinga, alijiandikisha gumbaru pamoja na akina mama wengine. Alisoma miezi mitatu. Alijifunza kuandika jina lake, kisha kazi ya upishi ikapatikana pale shuleni na gumbaru ikaishia hapo. Alipoulizwa kama alisoma, alijibu, "Nilifika kwenye jina langu nikateremka."

Ninyi mnaokula sasa chakula cha shule mnaona sahani tu. Ngoja niwaambie kilicho nyuma ya sahani. Mahindi makavu hayana haraka, yanataka saa nyingi motoni, hata ukiyaloweka usiku kucha. Kwa hiyo ili mtoto ale pure saa sita na nusu (githeri, kama wenzetu wa bara wasemavyo), moto sharti uwashwe kabla ya jua. Nyanya alitoka nyumbani saa kumi alfajiri. Njia ilikuwa ile inayopita chini ya mibuyu, na wakati huo ndovu walikuwa wakirudi kutoka mashambani. Ndovu ukimshtua gizani hakusamehe, lakini akikusikia mapema atajiondokea. Basi nyanya alikuwa akiimba njia nzima, si kwa furaha wala kwa imani kubwa, bali ndovu wajue kwamba kuna mtu. Majirani wasiokuwa na saa waliamkia wimbo wake. Mzee mmoja aliyefanya kazi reli alisema kwamba gari moshi la Mombasa lilichelewa mara nyingi, lakini Mama Jikoni hakuchelewa.

Shule ilikuwa na watoto kama mia tatu. Chakula cha msaada kilipimwa kwa kila mtoto: gramu 150 za mahindi, gramu 40 za maharagwe, gramu 5 za mafuta na chumvi kidogo. Ukipiga hesabu, hiyo ni nusu gunia la mahindi kila siku na maharagwe gorogoro sita. Nyanya hakujua gramu ni nini. Alijua gorogoro, na ili asipoteze hesabu alihesabu kwa beti. Sasa mtashangaa alihesabu vipi kwa beti, nami nitafika hapo, lakini kwanza lazima nieleze alivyoingia kwaya.

Siku hizo kanisa halikuwa na ukumbi. Kwaya ilifanya mazoezi Jumamosi alasiri katika darasa la nne, lile lililopakana na jikoni. Nyanya hakuwa mwanakwaya. Alikuwa akisugua sufuria kwa majivu na mchanga, na kwa kuwa masikio hayana mlango alisikia kila kitu. Mwalimu wa kwaya wa kwanza, yule tuliyesimama kwa heshima yake asubuhi ya leo, alikuwa akihangaika na sauti ya pili. Akina mama walikuwa watatu tu, na kila wakifika mahali pagumu walikimbilia sauti ya kwanza kama kondoo wanaokimbilia zizi la jirani. Siku moja walifika pale pagumu na sauti ya pili ikakaa sawasawa. Mwalimu akasimamisha, akawapongeza. Wale mama watatu wakatazamana, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameimba. Mwalimu akatoka nje, akamkuta nyanya ameingiza nusu ya mwili ndani ya sufuria ya shule anasugua chini, anaimba. Sauti ilikuwa ikitokea humo ndani.

Aliambiwa aje Jumamosi inayofuata. Akasema hajui kusoma. Mwalimu akamwambia hilo si neno, kuna herufi saba tu.

Na kweli ni saba. Wanakwaya mnazijua: d, r, m, f, s, l, t. Mwalimu alizichora ubaoni kwa chaki, na nyanya, ambaye gumbaru haikumfikisha mbali, alizishika zote kwa majuma mawili. Kuanzia hapo alisoma solfa. Maneno ya wimbo aliyakariri kwa kusikia, lakini noti alizisoma mwenyewe kwa macho yake, na mkiwa na shaka waulizeni wale wa zamani waliokaa kule nyuma, atakayewajibu ni yule aliyesahihishwa naye mara nyingi. Sitamtaja. Anacheka sasa hivi.

Zile herufi saba alizipeleka kazini. Katika stoo ya shule kulikuwa na magunia yanayofanana na madebe yanayofanana, na kalani wa stoo hakukuwa. Nyanya akachukua makaa akaandika. Kwenye gunia la mahindi aliandika d, kwenye maharagwe m, kwenye debe la mafuta s, kwenye chumvi t. Akaja mkaguzi kutoka wilayani kuhesabu chakula cha msaada. Akasoma d. Akafungua, akaona mahindi. Akauliza dengu ziko wapi. Hapakuwa na dengu, hazikuwahi kuletwa. Lakini yule bwana alikuwa ameshaona herufi kwa macho yake, na katika daftari lake akaandika kwamba dengu zimepotea. Nyanya alikaa siku nzima nje ya ofisi akingoja kuambiwa kama atafungwa.

Mwalimu mkuu aliporudi kutoka mkutanoni, yeye mwenyewe akiwa besi katika kwaya hii, alimwuliza d ni nini. Nyanya akamjibu, "D ni do. Mahindi ni do, bila do hakuna wimbo. Maharagwe ni mi. Mafuta ni so, yanakaa juu. Hivyo vitatu vinapatana." Mwalimu mkuu akauliza na chumvi je? "Chumvi ni ti. Kidogo tu. Ukiishikilia sana inaumiza."

Mkaguzi alifuta zile dengu katika daftari lake. Kama alielewa, sijui.

Sasa mtaelewa habari ya kuhesabu kwa beti. Alichota gorogoro moja kwa kila mstari wa wimbo. Wimbo wa beti nne wenye mistari minne ukiisha, gorogoro kumi na sita zimeingia sufuriani, na ukirudia beti moja na nusu nusu gunia imetimia. Shida ilikuwa mwalimu wa kwaya alipoleta wimbo mpya wenye beti fupi. Juma hilo watoto walikula kidogo hadi nyanya aliporekebisha hesabu.

Mwaka wa 1984 nauleta hapa ingawa sikuwa na akili ya kuukumbuka, nilikuwa mtoto mgongoni. Mvua zilikataa. Wazee mnakumbuka mahindi ya njano yaliyotoka Marekani, ambayo watu waliyadharau asubuhi wakayapigania jioni. Amri ya shule ilikuwa kwamba chakula ni cha wanafunzi walio kwenye rejista. Lakini saa sita na nusu ilipofika, wadogo zao walikuwa wamesimama kwenye uzio, kila mmoja na kibakuli. Hawakuomba. Walisimama tu. Nyanya alionywa mara mbili. Baada ya onyo la pili pure ya shule ilianza kuwa na mchuzi mwingi, na hakuna aliyeeleza kwa nini, na ukoko wa sufuria, ambao hauandikwi kwenye rejista yoyote, ukawa mnene kuliko ukoko wa kawaida. Nyanya alikuwa na haki ya sahani moja kwa siku kama mfanyakazi. Mama yangu anasema mwaka ule mzima hakumwona akila shuleni.

Nisiseme mazuri tu, maana yeye mwenyewe angenivuta sketi. Nyanya alikuwa mkali. Alikuwa na mwiko mrefu kama kasia, na mtoto aliyerudi foleni mara ya pili bila ruhusa aliujua. Hakupenda watu wanaochelewa mazoezi. Alinuna majuma matatu kwaya iliponunua kinanda, akisema sasa watu wataacha kusikilizana. Na mimi alinichosha na kuni. Kila Ijumaa kila mwanafunzi alileta kuni moja, lakini mjukuu wa mpishi alileta mbili, ili isisemwe kwamba anapendelewa.

Hapo kwenye kuni ndipo ninapofika kwenye jambo lililonileta hapa.

Nilimwonea haya nyanya yangu. Shuleni waliniita Moshi. Nguo zangu zilinuka moshi kwa sababu nililala naye, naye alinuka moshi hata baada ya kuoga. Nilipofaulu mtihani nikaitwa shule ya upili ya bweni kule milimani, nilifurahi kwa mambo mawili, na la pili lilikuwa kwamba huko hakuna anayeijua jikoni yetu. Karo alilipa yeye, kwa mshahara uliochelewa na kwa fedha za kuku.

Siku ya kutembelewa ya muhula wa kwanza alikuja. Alipanda matatu mbili, na kuanzia kituoni akapanda kilima kwa miguu. Nguo nzuri aliyokuwa nayo ilikuwa moja, nayo ni sare ya kwaya hii, ile sketi ya buluu na blauzi nyeupe yenye msalaba mfukoni. Ndiyo aliyovaa. Wazazi wengine walikuja na magari. Rafiki yangu akaniuliza, "Yule ni nani?" Nami nikasema, "Ni mama mmoja wa kanisani kwetu."

Nilisema nikidhani yuko mbali. Hakuwa mbali. Mtu anayesikia sauti ya pili kupitia ukuta wa darasa la nne, asinisikie mimi kwa hatua tano?

Akafika, akamsalimu rafiki yangu kwa mkono. Akasema, "Ndiyo, mwanangu, mimi ni wa kanisani kwao. Tunaimba pamoja." Akafungua kapu. Alikuwa amechinja jogoo, amepika chapati kumi na mbili. Akatugawia sisi na wasichana wengine wawili ambao wazazi wao hawakufika, akauliza habari za masomo kama mgeni aulizavyo, akaniachia shilingi mia mbili zilizofungwa kwenye pindo la leso, akaondoka kuwahi gari. Nyumbani hakunisema kwa mama. Hakulitaja likizo ile, wala iliyofuata, wala nilipoolewa.

Alistaafu kazi akiwa amefanya miaka ishirini na minane. Nasema alistaafu, lakini wa kustaafu ni mwenye barua ya kuajiriwa. Yeye alilipwa na kamati ya wazazi, miezi mingine kamili, miezi mingine nusu, na miezi mingine kwa ahadi. Mwaka wa 2003 elimu ya msingi ilipofanywa kuwa ya bure watoto walifurika kote nchini, na pale shuleni sufuria zilibaki zile zile na mpishi yule yule. Siku ya kuagwa alipewa chupa ya chai na blanketi, na watoto wakamwimbia. Alifurahi, nisidanganye. Blanketi alilitumia hadi mwisho. Lakini pensheni hakuwa nayo, na kifua alikuwa nacho. Daktari aliyempima alituuliza amevuta sigara miaka mingapi. Hakuwahi kuishika hata moja. Ulikuwa moshi wa kuni, wa kila siku, wa miaka yote ile.

Mpishi wa sasa wa shule yumo humu ndani, anaimba sauti ya tatu. Mwenyekiti wa kamati ya shule pia yumo humu, amekaa karibu na dirisha. Mheshimiwa mwenyekiti, sikukusudia kukuharibia chakula cha mchana. Nauliza tu kama yule dada ana barua, na kama jiko lake lina dohani.

Kifua kilipomzidi nyanya, sauti ilishuka. Alitoka sauti ya pili akawa anaangukia kwa wanaume. Mwalimu wa kwaya wa sasa, Mungu akubariki mwalimu, hakumwambia apumzike. Alimhamishia kiti, akamketisha na tena, akiwaambia wale vijana kwamba wanaletewa mwalimu. Kwa hiyo kama mna picha za kwaya za miaka ya karibuni na mnaona bibi kizee katikati ya wanaume, amevaa sketi, hilo si kosa la mpiga picha.

Aprili 2020, wakati wa korona, serikali ilifunga kuingia na kutoka Mombasa, na mimi nilikuwa Mombasa. Makanisa yalifungwa. Nilimpigia nyanya simu kila jioni. Jioni moja nilijikaza nikamwambia, "Nyanya, nataka kukuomba radhi kwa jambo la zamani, la shuleni." Akanyamaza. Nikasikia anavuta pumzi kwa shida. Kisha akauliza, "Siku ile ulikula chapati ngapi?" Nikasema tatu. Akasema, "Nilidhani mbili," akaniuliza kama mtoto wangu amepona mafua.

Alifariki Mei. Haikuwa korona, ilikuwa kifua chake. Kutoka Mombasa hadi hapa ni kilomita kama 150, njia ambayo basi huimaliza kabla hujaichoka, na sikuweza kuja. Sheria ya mazishi ilikuwa watu kumi na tano. Hesabuni: watoto wake na wake zao na waume zao, kasisi, afisa wa afya, wachimba kaburi. Kwaya haikuingia kwenye orodha. Mwanamke aliyeimba katika mazishi ya nusu ya kijiji hiki alizikwa bila kwaya. Niliyaona kwenye simu, picha ikikatika. Shangazi alijaribu kuanzisha wimbo. Wakaimba kidogo, wote sauti ya kwanza, kwa sababu ndiyo kila mtu anayoijua. Ile ya pili ilikuwa ndani ya jeneza.

Mwalimu wa kwaya alisimama nje ya uzio, barabarani, amevaa sare, peke yake. Hilo sikuliona kwenye simu. Niliambiwa baada ya miezi. Sikuwahi kumshukuru mbele ya watu, namshukuru leo.

Basi katibu, saa yako naiona. Nimebakiza ombi moja, na kamati ya jubilei imelikubali. Leo wote tuko hapa, wala hakuna anayetuhesabu. Wimbo ambao kwaya ilikuwa imeutayarisha kwa ajili ya mwezi ule wa Mei, ambao nyanya aliusoma ubaoni kwa herufi zake saba na hakuuimba kanisani, uko ukurasa wa kumi na moja wa kijitabu hiki. Tumeomba tuuimbe sasa, kabla ya chakula. Akina mama wa sauti ya pili msogee mbele kidogo. Dada yetu wa jikoni, wewe pia, sauti ya tatu isubiri. Mimi leo sitaimba ya kwanza. Nimefanya mazoezi majuma sita na bado napotea pale pagumu, kwa hiyo nitasimama karibu nanyi nisikie.

Mwalimu, tupe do.